Nyumba ya Kwanza ya Kupangisha: Nasaha kwa Vijana Wanachama

(Hotuba iliyosomwa na mjumbe wa Kamati ya Mikopo ya chama cha msingi, siku ya kuadhimisha miaka kumi ya Chama Kikuu)



Nashukuru sana kwa heshima niliyopewa ya kusema mbele yenu siku hii ya furaha, ambayo Chama Kikuu chetu kinatimiza miaka kumi. Walionitangulia wamesimulia vyema jinsi vyama vyetu vya akiba na mikopo vilivyoungana na kukua. Mimi nimeagizwa nizungumze na vijana juu ya jambo moja tu, nalo ni kununua nyumba ya kwanza ya kupangisha.

Sikuchaguliwa kwa kuwa ni tajiri wa majumba. Ninayo nyumba moja, yenye vyumba sita, hapa mjini Morogoro. Nimechaguliwa kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kwamba kila mwezi, katika Kamati ya Mikopo, napokea maombi ya vijana wanaotaka fedha za kununulia nyumba kama hiyo. Ya pili, ambayo wachache kati yenu waijua, ni kwamba mkopo wangu mwenyewe ulipata kuchelewa, na kuchelewa kwake kulimdhuru mtu asiye na hatia. Basi nitasema kama mtu aliyekwisha kuanguka katika shimo na sasa anawaonyesha wenzake lilipo.

Ndugu zangu, tamaa ya kuwa na nyumba ya kupangisha si jambo geni katika nchi yetu. Tazameni nyumba za zamani za miji yetu, tangu Kariakoo hata Ngamiani: ukumbi katikati, vyumba vitatu upande huu na vitatu upande ule, na uani nyuma penye jiko na choo. Aghalabu mwenye nyumba alikaa katika chumba kimoja au viwili, na vilivyobaki akapangisha. Kodi ile ilisomesha watoto na kumtunza mjane asiyekuwa na shamba.

Walakini taifa letu lilipata pia kuitazama biashara hii kwa jicho kali. Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilimkataza kiongozi kuwa na nyumba anayoipangisha kwa wengine. Mwaka 1971 serikali ilitwaa majengo ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000, yakawekwa chini ya Msajili wa Majumba. Masharti ya uongozi yalikuja kulegezwa mwaka 1991 kule Zanzibar, na leo kijana hakatazwi kununua nyumba akaipangisha. Lakini swali lile la zamani halikufa, nalo lasema hivi: je, faida yako yatoka katika jasho la nani? Yafaa kila mmoja wetu ajiulize kabla hajatia sahihi. Nami nitawaonyesha kwamba jasho hilo laweza kuwa la mtu ambaye hata hakai ndani ya nyumba yako.

Sasa nisikilizeni habari yangu.

Mwaka 2019 nilikuwa na umri wa miaka 27, karani katika nyumba ya wageni, mshahara wangu shilingi 480,000 kwa mwezi. Nilikuwa na akiba ya shilingi 3,000,000 katika chama. Nje ya chama nilikuwa na shilingi 7,000,000, ambazo sehemu yake ni fungu langu la urithi wa marehemu baba, na sehemu ni faida ya biashara ya mpunga. Dalali akanionyesha nyumba ya vyumba sita, mwendo mfupi kutoka Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo. Bei yake shilingi 16,000,000. Bati lilikuwa limeshika kutu, lakini vyumba vyote vilikuwa na watu, vinne wakikaa wanafunzi na viwili watu wa mtaani. Kila chumba kililipa shilingi 40,000 kwa mwezi.

Nilirudi nyumbani nikachukua karatasi na kalamu. Vyumba 6 mara 40,000 ni shilingi 240,000 kwa mwezi, yaani 2,880,000 kwa mwaka. Nikaomba chama kinikopeshe shilingi 9,000,000, mara tatu ya akiba yangu, kwa muda wa miezi 36. Rejesho la kwanza lilikuwa shilingi 340,000, na yaliyofuata yalipungua kidogo kidogo. Nikajiambia, "Kodi italipa 240,000, nami nitaongeza 100,000 tu. Baada ya miaka mitatu nyumba itakuwa yangu na wapangaji ndio watakaokuwa wameinunua." Hesabu ile niliipenda mno, nikailalia kama mto laini.

Nilihitaji wadhamini watatu. Wawili walikuwa wafanyakazi wenzangu. Wa tatu alikuwa mama mmoja mwanachama mwenzetu, mama lishe, ambaye nilikuwa nikila kwake kila mchana. Nilipompelekea fomu, alifuta mikono kwa kanga yake akatia sahihi pale pale juu ya meza ya chakula. Hakuuliza nyumba iko wapi, wala mimi sikumwambia.

Nikanunua nyumba mwezi wa Septemba. Rejesho la kwanza nililipa Oktoba, nikaendelea kulipa vema mpaka Machi 2020. Mwezi ule vyuo vyote nchini vilifungwa kwa ajili ya maradhi ya Uviko-19. Wanafunzi wangu walifunga magodoro yao wakaenda makwao, na vyumba vinne vikabaki na buibui. Wageni nao wakaacha kuja kazini kwetu, mshahara wetu ukapunguzwa nusu. Na mvua za masika, ambazo hazijui kwamba mtu ana mkopo, zikaangusha ukuta wa nyuma uliojengwa kwa tope badala ya saruji. Fundi akataka shilingi 600,000. Vyuo vilifunguliwa tena tarehe 1 Juni 2020, lakini kufika hapo nilikuwa nimekwisha kosa marejesho ya Aprili na Mei, na la Juni likanishinda pia. Jumla ya deni lililochelewa ikawa karibu shilingi 970,000.

Mwaweza kusema kwamba hiyo ilikuwa ajali ya dunia nzima, na nani angeweza kuijua? Kweli, maradhi yale hakuna aliyeyajua. Lakini kwamba wanafunzi huenda likizo, hilo lilijulikana. Kwamba tope si saruji, hilo lilijulikana. Kwamba mshahara waweza kupungua, hilo lajulikana tangu mishahara ilipoanza kulipwa. Kosa langu halikuwa kutojua mambo ya mbele. Kosa langu lilikuwa kufanya hesabu isiyo na nafasi hata ya mwezi mmoja mbaya.

Sasa ndipo nifikapo penye jambo lenyewe. Mwezi wa Julai yule mama lishe alikwenda chamani kuomba mkopo mdogo. Binti yake alikuwa amepata nafasi katika chuo cha uuguzi, na ada ilitakiwa kabla ya siku iliyowekwa. Karani akafungua daftari, akamwambia kwa adabu kwamba haiwezekani, kwa kuwa yeye ni mdhamini wa mkopo uliochelewa. Akiba yake haiwezi kutolewa wala kukopewa mpaka mkopo ule utengenezwe. Mama yule hakunifokea. Aliuza jokofu lake, ambalo ndilo lililohifadhi samaki na nyama za biashara yake, akalipa ada ya binti.

Mimi niliipata habari hiyo kwa watu wengine. Nilipokwenda kumwomba radhi, alinitazama kwa kitambo, kisha akasema, "Mwanangu, mimi sikutia sahihi kwa ajili ya nyumba. Nilitia kwa ajili yako." Nikauza pikipiki yangu wiki ile ile, nikalipa deni lililochelewa. Thamani ya jokofu nilimrudishia kwa mafungu manne, naye kila fungu aliliandika katika daftari lake mbele yangu. Mkopo wangu niliumaliza, na nyumba ninayo hata leo. Lakini toka siku ile mama yule hajamdhamini mtu yeyote tena, nami siwezi kumlaumu. Kwa hiyo hasara ya nyumba yangu haikuwa pikipiki wala jokofu. Chama chetu kilipoteza mdhamini mmoja mwema, na kijana aliyekuja nyuma yangu alikuta mlango umefungwa.

Kutokana na hayo, vijana wenzangu, nawapeni nasaha nne.

Ya kwanza ni hii: nunueni haki kwanza, kuta baadaye. Kwa Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999, ardhi yote ya nchi yetu ni mali ya umma, na Rais ndiye mdhamini wake kwa niaba ya wananchi. Auzaye nyumba hauzi udongo. Huuza haki yake ya kuutumia pamoja na maendelezo yaliyo juu yake. Basi uliza, haki hiyo ni ya namna gani? Je, ni hatimiliki, ambayo yaweza kutolewa hata kwa miaka 99? Au ni leseni ya makazi, ambayo muda wake ni mfupi? Au ni karatasi tu ya mauziano ya zamani? Kama ipo hati, nenda ofisi ya ardhi ukafanye upekuzi, ujue jina lililoandikwa ni la nani na kama nyumba haikuwekwa rehani. Muhuri wa serikali ya mtaa ni ushahidi mwema wa mauziano, lakini haugeuzi jina lililo katika daftari la Msajili wa Hati.

Tena ulizeni habari za mke au mume wa muuzaji. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 yakataza mmoja wa wanandoa kuuza nyumba ya familia bila ridhaa ya mwenzake. Na kama nyumba ni ya marehemu, mwenye mamlaka ya kuuza ni msimamizi wa mirathi aliyewekwa na mahakama, wala si mtoto mkubwa wala mjomba mwenye sauti. Kijana anayeona haya kuuliza maneno hayo atakuja kuulizwa yeye mbele ya baraza la ardhi, akiwa na wakili wa kulipwa.

Nasaha ya pili ni juu ya hesabu. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Mwaka wa nyumba usiuhesabu kuwa una miezi 12; uhesabu kuwa una 9. Turudi kwenye nyumba yangu. Shilingi 240,000 kwa miezi 9 ni 2,160,000. Toa kodi ya mwezi mmoja mzima, 240,000, kwa ajili ya matengenezo: bati, kitasa, choo kilichojaa, bomba lililopasuka. Yabaki 1,920,000. Gawanya kwa miezi 12, utapata 160,000. Hiyo ndiyo kodi yako ya kweli, wala si 240,000. Na hapo bado hatujataja kodi za serikali. Kodi ya majengo tangu mwaka 2021 hukatwa unaponunua umeme wa LUKU. Ardhi yenye hati hulipiwa pango la ardhi kila mwaka. Na mapato ya kupangisha nayo yana kodi yake, ambayo yafaa uende ukaiulize katika Mamlaka ya Mapato kabla hawajakufuata wao.

Sasa linganisheni. Rejesho 340,000, kodi ya kweli 160,000. Pengo ni 180,000 kila mwezi, nalo lazima litoke mfukoni mwako. Lau ningeiandika hesabu hiyo mwaka 2019, ningeona kwamba si wapangaji watakaoninunulia nyumba. Mnunuzi ni mshahara wangu, na wapangaji ni wasaidizi tu. Kama mshahara wako hauwezi kubeba pengo hilo bila kuwanyima chakula wanaokutegemea, nyumba hiyo si ya kiasi chako bado. Tafuta iliyo ndogo zaidi, au ngoja mwaka mmoja, au nunua kiwanja ujenge chumba baada ya chumba. Kungoja si kushindwa. Haba na haba hujaza kibaba.

Nasaha ya tatu: kabla ya kununua, weka kando marejesho ya miezi mitatu, wala usiyaguse. Kwa mkopo kama wangu, hiyo ni shilingi 1,000,000 hivi. Vijana wengi hupenda kutia shilingi yao ya mwisho katika bei ya nyumba, na mimi nilifanya hivyo. Tazameni jinsi ilivyo ajabu: deni langu lililochelewa lilikuwa karibu 970,000. Laiti ningekuwa na ile milioni moja pembeni, mama yule angepata mkopo wake, na pikipiki ningekuwa nayo. Zaidi ya hayo, ikagueni nyumba wakati wa mvua. Jua huficha mengi. Angalieni maji yanapita wapi, dari ina madoa gani, ukuta wa nyuma umejengwa kwa nini. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na mimi niliujenga.

Nasaha ya nne ni kumheshimu mpangaji. Andikeni mkataba, hata kwa ukurasa mmoja: kodi kiasi gani, hulipwa lini, nani atengeneze nini, na notisi ya kuondoka ni ya muda gani. Kila atoaye fedha apewe stakabadhi. Nyumba yangu ilikuwa na mita moja ya umeme kwa vyumba sita, na kila juma palikuwa na ugomvi, huyu ana pasi, yule ana jiko la umeme. Nilipotia mita ndogo kwa kila chumba, ugomvi ukaisha, na wapangaji wakaanza kukaa muda mrefu. Mpangaji akaaye miaka mitatu ni faida kuliko watatu wakaao mwaka mmoja mmoja, maana kila ahamapo mmoja, chumba hulala tupu. Basi heshima kwa mpangaji, juu ya kuwa ni utu, ni hesabu njema vile vile.

Bwana Mwenyekiti, nimesema nasaha nne, lakini zote zaelekea mahali pamoja. Mtu akopaye benki huweka rehani mali yake. Sisi wa ushirika twaweka rehani kitu kingine tena, nacho ni akiba za wenzetu. Nyumba inunuliwayo kwa mkopo wa chama ina msingi wa mawe, na chini ya mawe yale pana msingi mwingine usioonekana: mama lishe, fundi cherehani, mwalimu, dereva, ambao walitia sahihi kwa sababu walituamini. Ukuta ukianguka, si sisi peke yetu tunaoangukiwa.

Kwa hiyo ninalo ombi moja, nalo nimekwisha kulipeleka katika Kamati yetu ya Mikopo, na leo nalipeleka kwa vyama vyote vilivyo chini ya Chama Kikuu hiki. Kijana aombapo mkopo wa nyumba ya kupangisha, wadhamini wake wasitie sahihi juu ya meza ya chakula. Na awapeleke waione nyumba. Na awasomee hesabu ya miezi 9, awaonyeshe akiba ya miezi mitatu, awaambie pengo litalipwa na nini. Mdhamini akishauona ukuta, akaigonga milango, akauliza maswali yake yote, ndipo achukue kalamu. Kazi hiyo ni ya siku moja. Mimi sikuitoa siku hiyo, na mwenzangu aliilipa kwa jokofu lake.

Msidhani nawavunja moyo. Nyumba yangu leo ina wapangaji sita, ukuta wa nyuma ni wa saruji, na kodi yake inasaidia kuwasomesha wadogo zangu wawili. Nawatakia kila mmoja wenu nyumba kama hiyo. Lakini nawatakia zaidi kwamba, siku mtakapoipata, muweze kwenda kula chakula cha mchana kwa mdhamini wenu bila kuinamisha uso.

Binti wa mama yule alimaliza masomo yake, na sasa ni muuguzi. Mama mwenyewe yumo ukumbini humu pamoja nasi. Sikumwomba ruhusa nimtaje kwa jina, wala sitamtaja. Namwambia tu mbele ya wote: Mama, asante, na unisamehe.

Chama Kikuu chetu na kiishi miaka kumi mingine, na mingine zaidi.